Tuliomba, mdogo wangu akafa. Je, kukaa kimya nako ni kuomba?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, Mlutheri, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Mwaka jana mdogo wangu aliugua figo. Tulifunga, tukakesha, na mtumishi mmoja akatupa neno kwamba hatakufa bali ataishi. Akafariki. Tangu hapo nikisimama kuomba maneno hayaji. Kwenye mkesha watu wakipaza sauti, mimi najiona kama nimeachwa nje ya mlango. Rafiki yangu Mkatoliki amenishauri nikae kimya na Neno kila siku, ila kiongozi wa jumuiya yetu anasema kuiacha akili tupu ni kumfungulia shetani. Nimejaribu mara chache, nikaishia kusinzia. Je, kukaa kimya ni kuomba? Tumaini linarudije? Na kwaya niache?

JIBU: Amina, mama, na pole sana na msiba. Maswali yako nitayajibu yote, ila si kwa mpangilio ulioyaleta, kwa sababu kuna jambo hukuliuliza na nadhani ndilo lililoziba koo lako. Ni lile neno mlilopewa.

“Sitakufa bali nitaishi” ni maneno ya Zaburi 118, mstari wa 17. Fungua uisome yote bila haraka. Anayesema hivyo ni mtu ambaye tayari ametolewa kwenye shida, amesimama kwenye malango ya hekalu anashukuru, na mstari unaofuata anasema Bwana hakumwacha afe. Ni ushuhuda wa mtu juu ya yaliyompata. Yule aliyeuchukua mstari ule akauweka juu ya kitanda cha mdogo wako kama tarehe ya kupona, hakupewa ruhusa hiyo na zaburi yenyewe. Simjui, na huenda alifanya kwa huruma, maana ni vigumu kukaa kando ya mgonjwa wa figo bila kuwa na la kusema. Lakini mlibebeshwa ahadi ambayo Mungu hakuitoa, na ilipovunjika, lawama mkaziona zinamwelekea Yeye, au zinawarudia ninyi kwamba imani yenu ilikuwa ndogo. Mama, imani yenu haikumuua mdogo wako. Ugonjwa ndio uliomuua.

Nimeanza hapo kwa makusudi, kwa sababu wengi wanaosema wamepoteza tumaini wamepoteza uhakika waliopewa na mtu. Vitu hivyo viwili hufanana sana mpaka siku kimoja kinapoanguka. Wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau walisema sentensi ambayo wafiwa wote wanaijua: “Nasi tulikuwa tukitumaini.” Tulikuwa. Wanaisema kama jambo lililopita, huku aliyefufuka anatembea pembeni yao na hawamtambui. Angalia Yesu anavyoanza nao. Anawauliza, “Mambo gani?” kana kwamba hana habari, halafu anawaacha wasimulie kisa kizima, toka kusulubiwa mpaka wanawake walioenda kaburini alfajiri. Maandiko anawafunulia baadaye. Sisi wachungaji, kwenye misiba, mara nyingi tunaruka hatua ile ya kwanza.

Kwa hiyo ombi lako la kwanza, kabla ya kimya chochote, liwe lile linalokukaba. Mwambie Mungu: tuliambiwa ataishi, mbona tumemzika? Mwambie kwa Kiswahili hicho hicho, au kwa lugha ya mama yako kama ndiyo unayolilia. Kama unaogopa kwamba ni kufuru, hesabu zaburi. Katika zile 150, kundi kubwa kuliko yote ni la maombolezo, watu wanaomuuliza Mungu “hata lini?” Nyingi zinageuka katikati na kumalizia kwa sifa, ndiyo maana tunazivumilia. Lakini ipo ya 88, ambayo haigeuki. Inaanza gizani na inakwisha gizani, mwombaji akilalamika kwamba hata rafiki zake wametengwa naye. Hakuna “lakini nitakusifu” mwishoni. Waliokusanya Maandiko hawakuichomoa, wala hawakumwongezea mstari wa kumfariji msomaji. Sijawahi kuisikia ikisomwa kwenye mkesha, na naona ni hasara, kwa kuwa kwenye kila mkesha huwa kuna watu ambao wimbo wao wa siku hiyo ni huo tu.

Sasa, kukaa kimya ni kuomba?

Ndiyo, na aliyenishawishi kuliko wote ni Hana, mke wa Elkana, katika 1 Samweli sura ya kwanza. Wewe unamjua kwa sababu ya Samweli, mtoto aliyempata. Mimi naomba umtazame kabla ya mtoto. Alikuwa Shilo, mahali pa ibada, mwaka baada ya mwaka analizwa na mke mwenzake. Akaomba moyoni, midomo inatikisika, sauti haitoki. Kuhani Eli, mtu wa Mungu, mzee wa kazi, akamwangalia akaona mlevi. Basi huyo ndiye kiongozi wa kwanza wa ibada kushindwa kuielewa sala ya kimya, na hakuwa wa mwisho. Hana hakukasirika wala hakujifanya. Alimjibu kwa heshima kwamba hajanywa kitu, ameimimina roho yake mbele za Bwana. Ndipo Eli akambariki.

Halafu kuna mstari ambao tunaupita mbio tukikimbilia kuzaliwa kwa mtoto. Hana akaenda zake, akala chakula, na uso wake haukukunjamana tena. Mimba hakuna bado. Mke mwenza yupo vilevile. Mumewe hajui kilichotokea. Kilichobadilika ni kwamba mama aliyekuwa akilia na kukataa chakula sasa anakula. Ukiniuliza tumaini linaonekanaje likirudi kwa mtu, nitakuonyesha hapo, kwenye sahani ya Hana. Si ushindi wa kupigiwa vigelegele. Ni mtu aliyemwachia Mungu jambo lake akaweza kumeza tonge.

Umetaja kwamba rafiki yako ni Mkatoliki, na nadhani ndani yake kuna hofu kuwa unaingia mambo ya dhehebu lingine. Wenzetu Wakatoliki wamelitunza jambo hili vizuri kuliko sisi, hilo nakiri. Wana nyumba za mafungo, wana watawa ambao kazi yao ni hiyo, na toka karne ya 12 wana mpangilio ulioandikwa na mtawa aitwaye Guigo wa Pili: soma, tafakari, omba, kisha tulia. Lakini si mali yao peke yao. Mwaka 1535 kinyozi wa Luther pale Wittenberg, Petro, alimwuliza swali lako hasa: mtu anaombaje? Luther akamwandikia jibu refu. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe akijisikia baridi na hana hamu ya kuomba, huchukua Zaburi, huingia chumbani au kanisani, akaanza kutamka Amri Kumi, Imani na maneno ya Maandiko kama wafanyavyo watoto, mpaka moyo upate moto. Kisha akaongeza jambo ambalo Walutheri wengi hawajalisikia: katikati ya kuomba, wazo jema likikujia kwa wingi, acha ombi ulilokuwa nalo, nyamaza, usikilize, kwa kuwa hapo Roho Mtakatifu mwenyewe anahubiri, na neno moja la mahubiri yake ni bora kuliko maombi yetu elfu. Kwa hiyo ukinyamaza mbele ya Neno hujahama kanisa.

(Kinyozi yule, miezi michache tu baadaye, alimchoma kisu mkwe wake mezani akamuua, akafukuzwa mji. Naitaja habari hiyo ili usije ukadhani njia ya kuomba ni kinga. Aliandikiwa na Luther kwa mkono wake, na bado alikuwa mtu wa kuhitaji rehema kama sisi.)

Wa pili ni Dietrich Bonhoeffer, Mlutheri pia. Kati ya 1935 na 1937 alikuwa akifundisha wachungaji vijana huko Finkenwalde, katika Ujerumani ya Hitler, chuo ambacho serikali haikukitaka na mwishowe polisi wa siri wakakifunga. Kila asubuhi aliwaketisha nusu saa, kimya, kila mtu na kifungu kifupi cha Biblia, kifungu kile kile wiki nzima, bila vitabu vya ufafanuzi. Vijana walilalamika. Hawakujua wafanye nini na nusu saa yote hiyo. Mawazo yalizurura, wengine usingizi ukawachukua. Ona basi, una wenzako. Yeye aliendelea kuwasihi. Mwaka 1943 alikamatwa, na Krismasi ya mwaka ule, akiwa gereza la Tegel mjini Berlin, aliwaandikia wafungwa wenzake sala. Moja inakiri bila kupamba kwamba ndani ya anayeomba mna giza, ila kwa Mungu kuna nuru. Alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945, wiki chache kabla vita kwisha Ulaya. Hakuokolewa. Ndiyo maana namwamini anapozungumzia tumaini.

Na usidhani uamsho wetu wenyewe ulizaliwa kwenye spika. Mwaka 1929 daktari mmisionari Joe Church, aliyekuwa Gahini, Rwanda, alifika Kampala amechoka hoi na amekata tamaa. Pale Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, na watu wawili hao wakakaa chini, wakasoma Maandiko pamoja na kuomba. Uamsho wa Afrika Mashariki ulioenea baadaye mpaka Bukoba na Dodoma, wenye nyimbo na toba za hadharani, una mkutano ule kwenye mizizi yake. Sauti ilikuja, lakini ilikuja baadaye.

Kuhusu akili tupu, kiongozi wako ana hoja, isipokuwa ameielekeza pasipostahili. Zipo njia za kutafakari ambazo lengo lake ni kuondoa kila wazo, na Mkristo ana haki ya kuuliza zinampeleka wapi. Ninachokueleza mimi ni kinyume chake. Unakaa na neno la Mungu mkononi, moja, fupi, unalirudia mpaka likuingie. Akili haiachwi wazi. Ina mgeni wake. Zaburi ya 62 inasema hivi: “Nafsi yangu, umngoje Mungu peke yake kwa kimya. Tumaini langu hutoka kwake.” Kimya hicho kina jina la anayengojwa.

Haya, tufike kwenye vitendo, maana najua nyumba za Mbagala. Vyumba viwili, watoto watatu, jirani ana redio, na bodaboda wanaanza kunguruma kabla ya kumi na mbili. Usingoje upate chumba cha ndani chenye mlango. Yesu mwenyewe, pale Kapernaumu, alilala kwenye nyumba ambayo jioni yake mji mzima ulikuwa umekusanyika mlangoni, na ilipofika alfajiri akatoka akaenda mahali pasipokuwa na watu. Wewe huwezi kwenda porini alfajiri, wala sikushauri. Lakini kigoda nyuma ya nyumba kabla hujawasha jiko kinatosha. Au saa mbili asubuhi, watoto wakishaenda shule, kabla hujaanza kufua. Chagua wakati mmoja, dakika 15 tu, usiuhamishe. Simu ibaki ndani, siyo mfukoni, kwa sababu mfukoni utaipapasa. Adhana ikilia usiikasirikie; jirani naye anaomba. Kelele za nje hazikuzuii. Zinazozuia ni za ndani, na hizo ndizo umekuja nazo kwa Mungu.

Chukua Zaburi ya 130. Ina mistari minane tu, na inaanza “toka vilindini”. Luther aliipenda kiasi cha kuitungia wimbo uliochapishwa mwaka 1524. Siku ya kwanza isome yote mara mbili, kwa sauti ya chini, kama unamsomea mtu mmoja aliyekaa karibu. Usitafute mafundisho wala usijiandae kwenda kuisimulia jumuiya. Sikiliza tu ni maneno gani yanakushika. Huenda ni “toka vilindini nimekulilia”, na si zaidi ya hapo. Basi kaa na hayo. Yaseme polepole, nyamaza kidogo, yaseme tena. Kama machozi yatakuja, yaache. Kama hasira itakuja, ielekeze kwa Bwana, usiimeze. Kama hakitakuja chochote, na siku nyingi itakuwa hivyo, kaa hivyo hivyo mbele zake. Mawazo yakikimbilia ada ya shule au mchele uliopanda bei, usijigombeze; taja jambo hilo kwa sentensi moja, “Bwana, na ada hii”, kisha rudi kwenye maneno yako. Dakika 15 zikiisha sema Baba Yetu kwa utaratibu, uondoke ukawashe jiko. Kesho, zaburi hiyo hiyo. Wiki nzima usiibadilishe, hata ukichoka nayo. Hasa ukichoka nayo, kwa kuwa ukishaacha kuishangaa ndipo inaanza kukusoma wewe.

Ukifika mstari wa sita, kaa hapo zaidi. “Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, naam, walinzi waingojavyo asubuhi.” Mtu wa Dar es Salaam anauelewa mstari huu kuliko mwanachuo wa Ulaya. Unawajua walinzi wa usiku, wale wenye koti zito na rungu, kiti cha plastiki mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Saa tisa usiku mbu wanamla, umeme umekatika, hakuna hata dalili ya mwanga. Hasikii asubuhi. Hana hisia yoyote ya asubuhi. Na huwezi kumwambia aipaaze sauti ili kupambazuke mapema; kungoja ndiyo kazi yake, na anaifanya macho wazi, akizunguka jengo, akisikiliza. Kupambazuka hakutegemei yeye anavyojisikia. Mwimbaji wa zaburi angeweza kusema anamngoja Bwana kama mkulima anavyongoja mavuno, lakini mavuno yanaweza kukosekana. Amechagua kitu ambacho hakijawahi kukosa kuja, halafu akakirudia mara mbili. Nakuomba utambue pia kwamba zaburi inakwisha bado anangoja. Hakuna mstari wa tisa wa kusema asubuhi imefika.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mafundisho ya siku hizi ya “tamka upokee”, yanayotaka mtu aonekane na ushindi kabla hajaupata. Kungoja hakuuziki, najua. Hakuna bango litakalobandikwa Mbagala Rangi Tatu likisema njooni tungoje. Lakini Paulo, akiwaandikia Warumi, ameipanga hivi: dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, na uthabiti wa moyo huleta tumaini. Tumaini amelitaja mwisho wa mlolongo. Wewe unalitafuta mwanzoni, ukilikosa unadhani umeharibikiwa. Hujaharibikiwa, uko kwenye hatua ambayo kanuni yake ni kubaki.

Halafu kusinzia. Nimecheka kidogo, usinielewe vibaya, kwa sababu ni swali ninaloulizwa kuliko mengine yote kwenye mafungo, na huulizwa kwa kunong'ona. Jibu la kwanza ni la mwili. Usiombe kitandani wala kwenye kochi, kaa wima, nawa uso. La pili ni Eliya. Katika 1 Wafalme 19 nabii huyu amechoka mpaka anaomba afe, amelala chini ya mti jangwani. Mungu hamtumii hubiri. Anamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala tena, malaika anamwamsha tena ale, kwa kuwa safari ni kubwa mno kwake. Kulala mara mbili na kula mara mbili ndiyo huduma ya kwanza aliyopewa mtu aliyekata tamaa. Umeuguza kwa miezi, umekesha hospitali na kanisani, umezika, na kila siku unaamka kabla ya watoto. Ukisinzia mbele za Mungu, sinzia. Kama kwa wiki kadhaa dakika zako 15 zinageuka usingizi, basi huenda unachodaiwa kwanza ni usiku mzima wa kulala, na mkesha wa Ijumaa uupumzishe mwezi huu. Hutapungukiwa wokovu.

Na kwa kuwa tuko kwa Eliya: tunapenda ile sauti ndogo ya utulivu iliyokuja baada ya upepo, tetemeko na moto. Hubiriwa sana, na huwa tunaishia hapo. Endelea kusoma. Mungu alikuwa amemwuliza “Unafanya nini hapa?”, naye akalalamika kwamba amebaki peke yake. Baada ya sauti ile ya utulivu anaulizwa swali lile lile, na Eliya anarudia malalamiko yake neno kwa neno. Kimya kitakatifu hakikumbadilishia wimbo! Kilichofuata ni kutumwa: rudi, mtie mafuta fulani na fulani, umchukue Elisha, na ujue wako elfu saba ambao hukuwahesabu. Kwa hiyo usikipime kimya chako kwa jinsi unavyojisikia ukiinuka kwenye kigoda. Kipime baada ya majuma, kwa mambo madogo. Je, umeweza kulitaja jina la mdogo wako bila kukimbia chumba? Umempigia simu shangazi uliyekuwa ukimkwepa? Umekula? Nunua daftari la bei ndogo, kila jioni uandike mstari mmoja tu: leo wapi nilipumua, na wapi nilibanwa. Usiandike kurasa, utaacha.

Desturi hiyo ya kuipitia siku jioni ilienezwa na Ignatius wa Loyola, askari aliyevunjwa mguu kwa mzinga kule Pamplona mwaka 1521 akalazimika kulala kitandani na mawazo yake. Huyo ana kanuni moja inayojibu swali lako la kwaya moja kwa moja: wakati wa ukiwa wa moyo, usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na utulivu. Uliingia kwaya ukiwa na furaha. Usitoke ukiwa kilindini. Omba ruhusa ya kupumzika kama huwezi kusimama mbele, hilo ni tofauti na kuacha. Au ingia usimame kwenye mstari wako hata sauti isipotoka. Sauti ya pili wapo wengine wataibeba, na siku nyingine ni wewe uliyewabebea wao. Kimya cha faragha hakikuja kuchukua nafasi ya watu. Anayejifungia na Mungu mpaka hataki tena kuonana na mtu, simwiti mtafakari, namwona mgonjwa au amekasirika, na vyote viwili vinahitaji msaada.

Nikisema mgonjwa nina maana kamili. Majonzi ni majonzi, lakini kuna sonona, na hiyo ni ugonjwa kama figo zilivyo ugonjwa. Kama usingizi umekutoka au unalala mchana kutwa, kama chakula hakipiti kwa wiki, kama huwezi kuwahudumia watoto, au kama wazo la kufa limekujia, usikae nalo ukisoma zaburi peke yako. Mwambie mtu wa karibu leo hii, nenda hospitali, Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, na hospitali ya rufaa ya Temeke iko karibu nawe zaidi ya kuanzia. Kumeza dawa na kungoja kwa Bwana havigombani. Mkate wa Eliya nao ulitoka kwa Mungu.

Limebaki la kiongozi wa jumuiya. Usibishane naye mbele ya watu, na usimfiche pia. Mfuate siku moja baada ya ibada, mkiwa wawili, ukiwa na Biblia yako. Mwambie unachofanya kwa sentensi rahisi: “Kila asubuhi nasoma Zaburi ya 130 polepole, nakaa nayo, namalizia na Baba Yetu.” Mwonyeshe Hana na Eli, ila usimwambie kwamba yeye ndiye Eli, ataiona mwenyewe. Halafu mwombe kitu: jumuiya ikija kusali kwako, waanze na dakika tatu za kunyamaza wote, mdogo wako akitajwa kwa jina, kabla mtu hajaomba kwa sauti. Akikataa, usinung'unike, endelea na kigoda chako. Akikubali, nakushauri watoto nao wawepo. Mjomba wao amekufa, na huenda kwenye nyumba yenu hakuna aliyewaambia kwamba wanaruhusiwa kumlilia Mungu.

Niandikie tena baada ya Pasaka unieleze unaendeleaje, hata kama habari yenyewe ni kwamba bado unasinzia.